Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuangalia ndege kusini mwa Afrika ukiwa dereva mwenyewe

Maswali haya hurudi kila mara kwa wapenda ndege wa Afrika Mashariki wanaotaka kukodi gari na kuzunguka Afrika Kusini, Namibia au Botswana bila dereva wala kampuni ya utalii. Tumeanza na ya msingi, ya watu wachache yako mwishoni. Ada, saa za mageti na masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo hakikisha upya kabla ya kulipa chochote.

## Kabla ya yote

Nyumbani tuna ndege kibao. Kuna haja gani ya kwenda kusini?

Kwa hesabu tupu, haipo. Tanzania na Kenya kila moja ina zaidi ya spishi 1,100, wakati eneo zima lililo kusini ya mito Kunene na Zambezi, lenye nchi kadhaa ndani yake, limezidi 900 tu. Anayefuata idadi abaki nyumbani apande Usambara.

Cha kufuata kule ni ndege wasiokuwepo kwingine duniani, na wengi wao wamejazana upande wa kusini-magharibi, ambako mazingira hayafanani na yetu hata kidogo: vichaka vifupi viitwavyo fynbos vya Rasi (upande wa Cape Town), nusu-jangwa la Karoo, mchanga wa Namib. Huko yuko *Promerops cafer*, mwenye mkia mrefu kuliko mwili, anayefyonza maua ya proteya. Yuko *Chaetops frenatus*, anayerukaruka kwenye miamba inayotazama bahari. Namibia wana kipozamataza wa matuta ya mchanga, *Calendulauda erythrochlamys*, asiyepatikana nje ya nchi hiyo. Na wako pengwini wa Afrika, ambao tangu mwaka 2024 wamewekwa katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka.

Basi hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, haina maana?

Inayo, ila isiwe ya kwanza kwa mtu wa Afrika Mashariki. Wenyeji wana orodha yao ya ndege wakubwa sita wa Kruger: hondohondo wa ardhini, tandawala mkubwa, tai martial, tumbusi mkubwa mwenye uso wa ngozi tupu, korongo mwenye mdomo wa rangi kama bendera, na bundi mvuvi *Scotopelia peli*. Wote sita wako Tanzania. Kusafiri hadi Afrika Kusini kumtafuta tandawala wa Serengeti ni kuchezea nauli.

Hata hivyo hifadhi hiyo ina zaidi ya spishi 500, barabara nzuri na vibanda vya kutazamia ambavyo sisi hatuna vingi. Kibanda cha Lake Panic karibu na kambi ya Skukuza, na bwawa la Sunset Dam nje ya Lower Sabie, vinakuleta karibu na ndege wa majini kiasi kwamba darubini inakaa shingoni bila kazi. Ukibahatika kuwa na siku za ziada nenda kaskazini kabisa, Pafuri, mto Luvuvhu unapoingia Limpopo na nchi tatu zinapokutana. Msitu wa ukingoni pale una ndege ambao Kruger ya kusini hawaonekani kwa urahisi.

Nitenge siku ngapi?

Wiki mbili kwa ukanda mmoja. Wanaojaribu Cape Town, Kruger na hifadhi ya Etosha, Namibia, ndani ya wiki mbili hurudi wakiwa wameona lami. Johannesburg hadi Cape Town peke yake ni kilomita 1,400 hivi.

Hesabu inayofaa ni kilomita 200 kwa siku, na siku mbili za kutohama kabisa kila baada ya kuhama mara moja au mbili. Ndege wazuri huja asubuhi ya pili, ukishajua mti gani una matunda na dimbwi gani bado lina maji. Huu ndio ushauri ambao watu huupuuza zaidi, na ndio unaoleta tofauti kubwa kuliko darubini ya bei mbaya.

Nichague njia ipi?

Kwa mara ya kwanza: Cape Town na mazingira yake. Anza na bustani ya Kirstenbosch. Kisha shika barabara ya R44 kando ya bahari: Rooi-Els kwa ndege wa miambani, na mbele kidogo Stony Point, Betty's Bay, kwa pengwini. Boulders ya Simon's Town ndiyo maarufu zaidi kwa pengwini, ila watu ni wengi mno. Kaskazini ya jiji, kama saa moja na nusu, kuna hifadhi ya West Coast na wangwa (lagoon) wa Langebaan, ambako sululu na jamaa zao kutoka Siberia hukaa kuanzia Septemba hadi Aprili. Kibanda cha Geelbek kinafaa pale maji yanapojaa na kuwasukuma ndege kuja kwako. Yakiwa yamekupwa wanatawanyika mbali, kwa hiyo angalia jedwali la kupwa na kujaa kabla ya kuamka alfajiri bure. Mashariki, eneo la Overberg lina korongo wa buluu, ndege wa taifa wa Afrika Kusini, mashambani kabisa kando ya barabara, na hifadhi ya De Hoop ina koloni la tumbusi wa Rasi pale Potberg. Malizia na Tanqua Karoo kama tairi zako ni nzima (tazama swali la pancha).

Njia ya pili ni nyanda za juu: Johannesburg, mabwawa ya Marievale karibu na mji wa Nigel, halafu Wakkerstroom, ambako vipozamataza wawili adimu sana, *Heteromirafra ruddi* na *Spizocorys fringillaris*, bado wanazaliana kwenye nyasi fupi. Wenye moyo wa milima huendelea hadi Sani Pass na kupanda Lesotho.

Ya tatu ni Namibia: Windhoek, Walvis Bay kwa heroe na ndege wa pwani, mchanga wa Sossusvlei, kisha Etosha. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, lakini si ya kumpa mtu ambaye hajawahi kuendesha barabara ya changarawe siku nzima.

## Majira

Mwezi gani ni mzuri?

Inategemea upande. Sehemu kubwa ya kusini hunyeshewa kati ya Oktoba na Machi, wakati wa joto. Wahamiaji wamefika, kwera na jamaa zao wamevaa rangi za kuzalia, mdiria wa misitu *Halcyon senegalensis* anapiga kelele Kruger kutwa nzima. Majani nayo ni marefu, na mvua kubwa zikija barabara za vumbi na madaraja ya chini hufungwa.

Rasi ya magharibi iko kinyume: mvua zao ni za majira ya baridi, Mei hadi Agosti. Huko nenda Septemba au Oktoba, maua yakiwa yamechanua na ndege wakiimba. Desemba na Januari upepo wa kusini-mashariki unaweza kukuharibia siku nzima.

Ukame wa Juni hadi Septemba unafaa hifadhi za Etosha na Kgalagadi, kwa sababu kila kiumbe kinalazimika kuja majini. Kgalagadi, kaa kwenye kisima kuanzia jua linapopanda. Firigogo huja kwa makundi katikati ya asubuhi, na kozi huja kuwawinda. Keremkerem wekundu wa kusini huchimba viota vyao kwenye kingo za Zambezi kuanzia Agosti hadi Novemba. Delta ya Okavango hujaa wakati nchi yenyewe ni kavu, kwa kuwa maji yake yametoka kwenye mvua za Angola miezi kabla.

Baridi yao ni baridi kweli?

Ni kweli. Usiku wa Juni na Julai nyanda za juu na Kgalagadi hushuka chini ya sifuri. Mtu wa Tanga anayekwenda kulala kwenye hema la juu ya gari achukue blanketi nzito na kofia ya sufu, na aache maji ya chai tayari kwenye chupa.

## Gari na barabara

Lazima liwe fobaifo?

Kwa Kruger, Cape Town, Overberg na Wakkerstroom, gari dogo la kawaida linatosha. Kwa Namibia chukua gari lililoinuka, hata kama si la kuvuta magurudumu manne, kwani mawe ndiyo tatizo kuliko tope. Fobaifo ya kweli inahitajika Moremi na Chobe ya ndani kule Botswana, kwenye baadhi ya njia za Kgalagadi, na Sani Pass, ambako mpakani huwarudisha wenye magari mengine.

Kuna faida nyingine ya gari refu ambayo watu hawaifikirii: unaona juu ya nyasi. Gari lenyewe ndilo kibanda chako cha kutazamia, na ndege wengi hawaliogopi ilimradi umezima injini na hutoi mkono.

Kampuni ya kukodi gari itanidai nini?

Leseni yenye picha na maandishi ya Kiingereza (za Tanzania na Kenya zinafaa), pasipoti, na kadi ya krediti yenye jina la dereva. Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Kadi ya debiti mara nyingi hukataliwa, na M-Pesa haina la kusaidia, maana kampuni inataka kuzuia kiasi cha dhamana hadi gari lirudi. Maliza suala la kadi na benki yako wiki kadhaa kabla.

Soma sehemu ya bima neno kwa neno. Matairi, vioo na sehemu ya chini ya gari mara nyingi haviko kwenye bima ya kawaida, na kwa Namibia mikataba mingi haikulipi ukipata ajali usiku nje ya mji au ukizidisha kilomita 80 kwa saa kwenye changarawe. Magari mengine yana kifaa kinachorekodi mwendo. Piga picha gari lote kabla ya kuondoka, na paa pia.

Pancha nazo?

Zitarajie. Barabara ya R355 kati ya Ceres na Calvinia, inayopita Tanqua, ina mawe membamba yanayokata ubavu wa tairi, na ni kilomita kama 250 bila mji katikati. Kuwa na tairi mbili za akiba, jeki inayofanya kazi, pampu ya upepo na kipimo. Kwenye changarawe na mchanga punguza upepo, ukirudi lami jaza. Jaribu kubadili tairi siku ya kwanza ukiwa bado mjini. Spana isiyolingana na nati inagunduliwa vizuri zaidi ukiwa sheli.

Kuendesha kule kuna tofauti gani na kwetu?

Upande ni ule ule, kushoto. Lami ni nzuri, na kasi inayoruhusiwa barabara kuu hufika 120. Kwenye makutano yenye alama ya kusimama pande zote nne, aliyefika kwanza ndiye anayepita kwanza, na watu wanaheshimu hilo. Aliye mwepesi akija nyuma yako, wengi husogea pembeni wampishe, naye hushukuru kwa kuwasha taa za tahadhari.

Usiendeshe usiku. Kudu wa Namibia na ng'ombe wa Botswana hawana taa.

Naweza kwenda na gari langu kutoka Dar au Nairobi?

Unaweza, kupitia Tunduma na Zambia, na tangu daraja la Kazungula lifunguliwe Mei 2021 kuingia Botswana hakuhitaji tena pantoni. Kadi ya njano ya bima ya COMESA itakufikisha Zambia na Zimbabwe, lakini haitambuliki Botswana, Namibia wala Afrika Kusini, hivyo kuna malipo mapya mpakani. Uliza forodha kuhusu kibali cha kuingiza gari kwa muda kabla hujaanza safari. Binafsi, kwa safari ya wiki mbili naona ni kuchosha mwili kabla ndege hawajaanza; mwenye miezi miwili ni habari nyingine.

## Karatasi na mipaka

Viza na chanjo?

Watanzania na Wakenya hawahitaji viza ya Afrika Kusini kwa matembezi mafupi. Wengine wa ukanda wetu waulize ubalozi mapema.

Cheti cha homa ya manjano ndicho kinachowarudisha watu uwanjani. Ukitoka Kenya, Uganda au Kongo, au ukipita huko muda mrefu ukisubiri kuunganisha ndege, utaulizwa. Chanjo hutambuliwa kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, na sasa hudumu maisha. Hata mtu wa Tanzania aichukue, kwa sababu tiketi nyingi za bei nafuu hupitia Nairobi au Addis Ababa.

Nikitaka kuvuka mpaka na gari la kukodi?

Mwambie mwenye gari wakati wa kuweka nafasi, akupe barua ya ruhusa yenye namba ya gari. Bila barua hiyo hupiti. Kuingia Botswana utakuta vizuizi vya mifugo: nyama mbichi huchukuliwa na viatu hukanyagishwa dawa, kwa hiyo nunua nyama ukishavuka.

Hifadhi ya Kgalagadi iko nchi mbili, Afrika Kusini na Botswana, na unaweza kuingilia Twee Rivieren ukatokea Mata-Mata, Namibia, ila lazima ulale humo angalau usiku 2. Randi inapokelewa Namibia, Lesotho na Eswatini. Dola ya Namibia haipokelewi Afrika Kusini, imalize kabla ya kutoka.

Kuna nafuu ya ada kwa Waafrika?

Hifadhi za taifa za Afrika Kusini zina viwango vitatu: raia, raia wa nchi za SADC, na wageni wengine. Mtanzania na Mkongo wanaingia kundi la kati wakionyesha pasipoti. Mkenya na Mganda hulipa kama Mzungu, jambo linalozua mzaha mwingi ndani ya gari lenye mchanganyiko. Mgeni atakayekaa hifadhini zaidi ya wiki apige hesabu ya kadi ya mwaka iitwayo Wild Card.

Vyumba vya ndani ya Kruger na Kgalagadi huchukuliwa karibu mwaka mmoja kabla, hasa kwa Desemba na Pasaka. Nafasi zilizoachwa hutokea dakika za mwisho, kwa hiyo endelea kuchungulia.

## Ndani ya hifadhi

Mageti hufunguliwa saa ngapi?

Kambi za Kruger hufunguliwa saa 10:30 alfajiri kati ya Novemba na Januari, na saa 12:00 asubuhi katikati ya majira ya baridi, hapo zikifungwa saa 11:30 jioni. Hizo ni saa za kwao, zilizo nyuma ya zetu kwa saa moja. Kuchelewa kuna faini. Kwa kuwa mwendo wa juu ni kilomita 50 kwenye lami na 40 kwenye vumbi, na utasimama kila mara, panga kilomita 20 kwa saa.

Naruhusiwa kushuka garini?

Kwenye maeneo ya kupumzikia, vibanda na sehemu zenye kibao tu. Kwingine kaa ndani, kichwa pia. Anayetaka kutembea achague Rasi, Wakkerstroom au Marievale, kwani miguu ndiyo inayompata ndege wa nyasi.

Naweza kuwapigia sauti zao kwa simu ili watoke?

Epuka. Ndege anayezaliana akisikia mpinzani huacha kiota kuja kupigana na simu yako, na penye wageni wengi hufanyiwa hivyo kila siku. Kwa spishi adimu kama vipozamataza wa Wakkerstroom usifanye kabisa.

Nahitaji kiongozi wakati naendesha mwenyewe?

Kwa siku zote, hapana. Kwa asubuhi moja Wakkerstroom au Sani Pass, ndiyo, bila kubishana. Viongozi wa vijijini waliofunzwa na BirdLife South Africa wanajua shamba lipi limechomwa na kipozamataza kahamia wapi. Sani Pass wengi wao huja na gari linalofaa, kwa hiyo tatizo la fobaifo nalo linaisha.

Vifaa gani vya lazima?

Darubini ya 8x42 inatosha misituni na 10x42 ni bora Karoo. Langebaan na Walvis Bay bila teleskopu utahesabu vidoa. Mfuko mdogo wa kitambaa ujazwe mchele ukifika, ukae dirishani chini ya lenzi. Soketi za huko zina matundu matatu makubwa ya mviringo, plagi zetu haziingii. Nunua adapta duka la kwanza.

Kwenye simu weka Merlin kwa utambuzi na BirdLasser kwa kumbukumbu. Ukikubali, orodha zako za BirdLasser huingia kwenye atlasi ya ndege ya SABAP2, inayoendelea tangu 2007. Pakua ramani za nje ya mtandao.

## Afya na usalama

Malaria ipo?

Ipo Kruger, kaskazini ya KwaZulu-Natal, kaskazini ya Namibia na Botswana, hatari ikiwa kubwa zaidi Septemba hadi Mei. Rasi na Karoo hakuna. Usijidanganye kuwa wewe wa huku umezoea: mtu aliyekulia Nairobi au Arusha mjini hana kinga ya kutegemea. Ukitembea nyasini kagua kupe jioni.

Na wizi?

Mjini, usiache kitu chochote kinachoonekana garini, na ukifunga kwa rimoti vuta mpini uhakikishe, kwani kuna wezi wanaozuia mawimbi. Mabwawa ya Strandfontein, Cape Town, yana ndege wazuri ajabu, ila nenda na wenzako.

## Maswali ya wachache

Chakula halali na swala?

Cape Town, Durban na Johannesburg hakuna shida. Waislamu wa Cape Town wako hapo kwa karne nyingi. Ukitoka miji hiyo, beba nyama iliyogandishwa au tegemea samaki na mboga (kwa Botswana kumbuka vizuizi vilivyotajwa juu). Ndani ya hifadhi swali kambini au kwenye eneo la kupumzikia. Kibla ni kaskazini, ukielekea kidogo mashariki.

Mwenzangu hapendi ndege. Tutagombana?

Etosha, hapana. Kambi za Okaukuejo, Halali na Namutoni zina visima vyenye taa usiku: yeye anatazama faru, wewe unangoja bundi. Wakkerstroom, ndiyo.

Nataka albatrosi.

Hao wako mbali baharini, na boti hutoka Cape Town kuwafuata karibu na meli za uvuvi. Majira ya baridi ndiyo yenye wengi, na ndiyo yenye mawimbi. Safari huahirishwa mara kwa mara kwa hali ya hewa, kwa hiyo weka nafasi mwanzoni mwa ratiba, ukiwa na siku mbili au tatu za kusogeza.

Gari likizima katikati ya hifadhi?

Baki ndani, fungua vioo kidogo, piga namba ya dharura iliyo kwenye kibali cha kuingilia. Mtandao ukikosekana, simamisha gari litakalopita limpe habari askari wa kambi inayofuata. Usitembee kutafuta msaada, hata kambi ikionekana. Namibia, nje ya hifadhi, gari linalofuata linaweza kupita baada ya saa kadhaa: maji lita 5 kwa kila mtu yawe garini siku zote, na mwenye nyumba unakokwenda kulala ajue njia uliyochagua.